Kipimo cha Chumba Kitupu

Orodha ile niliiandika mimi.
Brno, ghorofa ya tatu, Alhamisi, jioni ya baridi,
meneja Hynek kishavaa koti, mkono uko mlangoni:
"Zdislava, jedwali la mahitaji. Wanalitaka kesho dukani."
Nikauliza: yanayopendekezwa, yanapendekezwa na nani?
Akacheka. Tramu yake ilikuwa inakuja.

Tulikuwa na mashine tatu za kupimia.
Ya kwanza feni ilikufa tangu Septemba,
ya pili tulimwazima mhasibu, hakuirudisha,
ya tatu ilikuwa farasi wa maonyesho,
haijui vumbi, haijui joto la chumba cha mtu.
Nikamsimamisha shujaa chumba cha mwanzo:
kitanda, mshumaa, ukuta.
Hakuna mvua. Hakuna soko. Hakuna watu mia mbili
kila mmoja na kivuli chake.
Fremu sitini. Zikashuka hamsini na nne, nikakohoa,
zikapanda tena.
Nikaandika.

Kumbukumbu: gigabaiti kumi na sita.
Kadi ya michoro: ya mwaka juzi,
maana ya mwaka huu ingewatisha wanunuzi.
Skrini ya ukubwa gani, sikuandika.
Fremu ngapi kwa sekunde, sikuandika.

Sikusema uongo. (Tazama ninavyoanza, kama mwenye hatia.)
Nilipima. Ila iko pishi ya muuzaji
na iko pishi ya mnunuzi,
na kidole gumba kilichozama ndani ya pishi
kilikuwa changu.

Kule Ostrava, ndugu yangu Vendelín
hukanda unga usiku kucha kwenye kiwanda cha mikate.
Orodha aliichapisha, akaibandika juu ya sinki,
akaipiga tiki mstari kwa mstari, mshahara kwa mshahara.
Kadi aliinunua kwa mtu wa Havířov, kwenye maegesho,
imeviringishwa ndani ya soksi ya sufu.
Hakuniuliza.
Angeniuliza, ningemjibu nini? Ngoja? Ongeza? Sijui?

Akapiga simu Jumapili.
"Chumba cha mwanzo kinateleza kama siagi," alisema.
Nikajua kinachofuata.
"Halafu nikafika sokoni, mvua ikaanza."
Nilisikia feni yake hadi Brno,
ikipiga mluzi kama birika lililosahauliwa motoni.
"Fremu kumi na tisa, dada. Nimekosea wapi?
Kila kilichoandikwa ninacho."

Nimekosea wapi. Yeye ndiye anayeuliza.

Krismasi nikaenda nyumbani.
Samaki wa sikukuu alizunguka kwenye beseni la kuogea,
mama akitukataza kumpa jina.
Vendelín akanikalisha mbele ya skrini:
vivuli amezima, umati ameupunguza nusu,
nyuso za wachuuzi zimelainika kama sabuni iliyotumika,
mvua inanyesha na hailoweshi kitu.
Lakini watu wanatembea. Hawakwami.
"Arobaini na moja," akasema,
kwa fahari ya mtu aliyetoa mkate mzuri kwenye tanuri bovu.

Nikataka kumwomba radhi, nikaanzia mbali,
nikaanza na habari za mashine tatu na mhasibu.
Akanikatiza.
"Tanuri letu kazini limeandikwa mia mbili thelathini.
Tangu niajiriwe halijafika.
Mimi hutia mkono mlangoni mwake, nikahesabu hadi nne.
Nikishindwa kufika nne, naingiza mikate."
Akanyoosha kiganja: hakina malaika hata moja.
Kisha akarudi sokoni kwake,
kununua tufaha lisilo na kivuli.

Januari, jedwali jingine, mchezo mwingine.
Hynek kavaa koti. Nikamwambia atangulie.
Nikazima taa za ofisi, nikawasha mashine ya mhasibu,
ile iliyochoka, yenye makombo ya biskuti kati ya vitufe,
nikamtoa shujaa chumbani,
nikamshusha ngazi hadi kwenye watu,
nikangoja mvua inyeshe.